Kiti cha enzi kutoka Lamu: mwaka mmoja barazani kwa Baba

Kabla ya nakshi, nitaanza na chini ya kiti. Mimi ni mshonaji, mwaka wa 22 sasa niko kwenye cherehani hapa Kibokoni, Mombasa, na nguo yoyote nikiletewa naigeuza nje ndani kwanza. Ua la kifuani kila mtu anaweza kulipachika, lakini mshono wa ndani ndio unaokuambia aliyeshona ni nani. Kiti hiki kilipofika na kusimamishwa nilikipindua miguu juu, nikapiga magoti na tochi ya simu, nikakikagua kila kona. Hakuna msumari, hakuna skrubu, hakuna gundi iliyochuruzika ikakaukia pembeni. Kila mahali mbao mbili zinapokutana, moja imeingia ndani ya mwenzake na kigingi kidogo cheusi kimepita katikati kuzishika. Nilipitisha ukucha kwenye kiungo na ukucha haukupata pa kukwama.

Nilikiagiza kwa ajili ya Baba. Ana miaka 81, mzaliwa wa Siyu, kisiwa cha Pate, na tangu magoti yaanze kumsumbua, kila alasiri hadi magharibi yuko barazani akiamkiana na wapita njia. Kiti chake cha kwanza nilikinunua kwenye duka moja la barabarani hapa mjini kwa shilingi 18,500. Kilikuwa na mto mnene na mikono mipana, na muuzaji akaniapia kuwa ni mahogani. Mvua za mwezi wa tano zilipopiga upande wa baraza, rangi ikabambuka, na chini yake ikatokea mbao nyeupe, laini, iliyopigiliwa pini za stepla. Mwezi wa nane mguu wa nyuma ukachomoka Baba akiwa amekaa. Hakuumia, alhamdulillahi, lakini kwa wiki nzima alikataa kiti chochote, akawa anakaa mkekani, na kumwinua mkekani mtu wa umri ule ni kazi ya watu wawili. Kile kiti sikukipindua siku niliyokinunua. Jambo hilo liliniuma sana.

Baba mwenyewe ndiye aliyetaja kiti cha enzi. Anasema utotoni kwake Siyu aliwahi kukalishwa kwenye kimoja siku ya arusi ya nyumba ya jirani, akateremshwa upesi kwa sababu kilikuwa cha wageni wa heshima. Kwa asiyekijua, ni kile kiti kikubwa cha mraba cha huku kwetu pwani, mgongo wima, mikono imenyooka, na mbele kuna kikanyagio cha miguu. Pa kukalia na pa kuegemea hapana ubao, pamewambwa kwa uzi. Vya zamani vilikuwa vya mpingo, vimetiwa njumu, yaani vipande vya mapambo vilivyopachikwa kwenye mbao, vya pembe za ndovu. Makumbusho ya Lamu wanavyo, na nawashauri mpitie hapo kabla ya kwenda kuagiza kwa fundi yeyote. Jicho likishaona kile cha asili, si rahisi mtu kukudanganya.

Fundi nilielekezwa na shemeji yangu. Jina lake silitaji kwa kuwa ameniomba nisilitaje, ana oda za kumtosha hadi mwakani. Nilipanda basi mpaka Mokowe, nikavuka kwa boti, nikamkuta karakanani kwake kwenye kichochoro nyuma ya Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa Lamu, amejaa unga wa mbao hadi kwenye kope. Ni kijana wa miaka thelathini na kitu. Kazi amefunzwa na ami yake tangu akiwa mtoto wa chuo cha Kurani.

“Ndoo, mama, keti,” yaani njoo kwa Kiamu, akanivutia kigoda. Bei hakuigusa. Akauliza, “Wataka kiti cha kukaliwa au cha kutazamwa?”

Nikamwambia ni cha kukaliwa, ni cha mzee.

“Basi mzee, kutoka kwenye goti hadi kisigino, ana urefu gani?”

Hapo nikajua nimefika kwa mtu wa kazi. Vipimo vya Baba vyote ninavyo daftarini, kanzu zake nashona mimi, lakini goti hadi kisigino sikuwa nimewahi kupima. Nikampigia mpwa wangu nyumbani, akachukua futi yangu akampima mzee palepale. Fundi akaandika kwa penseli ukutani, juu ya vipimo vya watu wengine.

Tulibishana kwa heshima juu ya mambo mawili. La kwanza mgongo. Kiti cha enzi cha asili mgongo wake ni wima kabisa, kwa sababu kilitengenezwa kumfanya aliyekaa aonekane, hakikuwa kiti cha kusinzilia. Mimi nilitaka ulale. Yeye alisema ukilala sana si kiti cha enzi tena. Mwisho tukakubaliana ulale kwa vidole vitatu, na sasa naona vidole vitatu vilitosha, maana Baba huegemea bila kuzama na akitaka kuinuka hahitaji kujikongoja. La pili lilikuwa kikanyagio. Mimi sikukitaka, yeye akasema bila kikanyagio hana ruhusa ya ami yake kukiita kiti cha enzi. Akakitengeneza cha kuchomoa. Hapo nilikuwa na haki mimi: kwa mtu mwenye magoti mabovu kikanyagio ni kizuizi, na Baba alikichomoa siku ya tatu. Sasa mjukuu ndiye anayekikalia akisomewa hadithi.

Kuhusu mbao, nilikwenda na mpingo kichwani na nikarudi bila mpingo. “Mpingo wa upana wa mkono wa kiti siupati,” aliniambia, “na nikiupata roho yangu haitaki.” Ni mti unaochukua miongo mingi kufikia unene wa kufaa, na tangu mwaka 2017 biashara yake ya kuvuka mipaka iko chini ya vibali vya kimataifa. Yeye hununua vipande vidogo tu, kwa ajili ya vigingi. Nilipomuuliza kuhusu njumu, alinionyesha mifupa ya ngamia iliyochemshwa ikaanikwa juani hadi ikawa nyeupe pe. Mimi nilikuwa msichana mdogo mwaka 1989, Kenya ilipochoma tani 12 za pembe za ndovu Nairobi, na nakumbuka wazee wakiuliza mafundi watafanya nini sasa. Jibu ni mfupa. Ukikaribia sana unaona vitundu vidogo kama vya sindano, ambavyo pembe haina, na mimi navipenda.

Fremu akanipendekezea mbao ya mti wa mbambakofi kutoka jahazi lililovunjwa. Ubao ulikuwa umeegemezwa ukutani, mweusi kwa chumvi na sifa, yale mafuta ya samaki ya kupaka majahazi, una matundu ya misumari ya zamani. Sikuuamini. Alichukua randa akausugua mara nne tano, na ndani ikatoka rangi ya asali iliyokolea. Akanieleza kuwa mbao iliyokaa baharini miaka yote ile imeshamaliza kupinda, haina tena mchezo wa kujikunja mvua zikija. Mbambakofi pia mchwa hawaupendi. Kulikuwa na tundu moja la msumari ambalo lingeangukia kwenye mkono wa kulia wa kiti. Nikamwomba alizibe, akalipachika kizibo cha mviringo cha mpingo, cha ukubwa wa kifungo cha shati.

Sasa viungo, ambavyo ndivyo nilivyolipia. Nilikaa karakanani siku mbili nikitazama, na hili ndilo lililonishika. Ncha ya mbao moja anaichonga iwe ulimi, mbao ya pili anaitoboa tundu kwa patasi, na ulimi unaingia kwa kugongwa polepole. Kisha anatoboa kishimo cha kigingi kupita pande zote mbili za tundu. Ulimi anautoa, na kishimo chake hakitoboi mahali palepale, anakisogeza kidogo kuelekea shina la ulimi, unene wa ukucha tu. Kwa hiyo vikirudishwa, vishimo havilingani sawasawa. Kigingi cha mpingo kilichochongoka kikigongwa humo, kinalazimika kuuvuta ulimi uingie zaidi, na kiungo kinafunga kwa nguvu yake chenyewe. Nilisikia mlio ukibadilika. Mwanzo ni tok, tok, kisha ghafla unakuwa ti, kama chupa iliyojaa, naye anaacha kugonga. Kwa hewa yetu ya chumvi, inayokula misumari hadi ikabaki kutu tupu, hiki ndicho kifungo kinachodumu.

Mashine anazo. Kupasua na kuranda kwa mara ya kwanza anatumia umeme, wala hafichi, na nionavyo mimi hakuna aibu, mimi pia cherehani yangu ina mota. Lakini matundu ya uzi anatoboa kwa keekee ya uta, ile ya kuvuta mbele na nyuma kama mtu anayepiga fidla, kwa sababu keekee ya umeme hukimbia ikabambua ukingo. Nilihesabu matundu ya kiti changu nikiwa nyumbani. Yako 212.

Lawama zangu ni mbili. Aliniahidi wiki sita, zikawa kumi na nne. Ramadhani iliingia katikati, hilo nilikuwa nalijua, lakini pia alipokea oda ya kitanda cha bi arusi akakiweka mbele yangu bila kuniambia. Ningeelewa kama angenipigia. Ilibidi nipige mimi, mara tatu, na mara moja sikupokewa. Fundi yeyote anayesoma hapa, wa mbao au wa nguo, tafadhali: mteja aliyekwisha kutuma malipo ya kwanza kwa M-Pesa, shilingi 20,000 zake, anastahili ujumbe hata wa maneno matano.

Lawama ya pili ni uzi. Ametumia uzi wa pamba, na uwambaji wake unapendeza mno, nyuzi zimepishana mshazari zikafanya misalaba midogo katikati ya kila mraba. Lakini mvua za masika zilipoanza, mahali pa kukalia pakalegea, Baba akawa anashuka kama aliyekaa kwenye machela. Nilimtumia fundi picha. Akajibu kwa sauti, dakika nne nzima, akinielekeza nifungue fundo la chini kulia, nilowanishe uzi kwa maji ya vuguvugu, nivute safu moja moja kutoka nyuma kuja mbele, nifunge upya, niache siku nzima kivulini. Nilifanya. Umekaza hadi leo. Ila hayo angeniambia siku ya kwanza, na asiye na mkono wa kushona sidhani kama angeweza peke yake. Mkiagiza, mwombeni awafundishe kuwamba kabla hamjaondoka.

Kusafirisha nilikuogopa bure. Kiti kimeletwa kwenye basi kikiwa kimefungwa ndani ya mkeka, vipande tisa vimelazwa bapa. Ubavu wa kulia na wa kushoto vigingi vyake ni vya kudumu, lakini mbao zinazounganisha mbavu hizo vigingi vyake vimeachiwa kichwa, vinachomoka. Vya zamani navyo vilikuwa vikifunguka hivyo. Kila kiungo amekitia alama ya patasi: mkato mmoja unakutana na mkato mmoja, miwili na miwili, mpaka sita. Mimi nikikata kitambaa natia vikato vivyo hivyo ili mkono wa kanzu ukutane na bega lake. Mimi na mpwa wangu tulikisimamisha kwa nyundo ya mbao katika nusu saa, na hatukukosea hata kimoja.

Baba alikuwa amekaa pembeni akitutazama, hakusema lolote. Tulipomaliza hakukaa mara moja. Alishika mkono wa kiti, akapapasa hadi kwenye kile kizibo cha mpingo, akazungusha kidole juu yake. Akauliza ni nini. Nikamwambia ni msumari wa jahazi ulipokuwa. Akauliza jahazi la nani. Sikujua. Tangu siku hiyo kila mgeni anayefika barazani anaonyeshwa kile kizibo kwanza, na njumu baadaye.

Jumla nililipa shilingi 46,000, bila nauli ya kuletewa. Ni fedha nyingi, nilizikusanya kwa kanzu za Idi mbili. Kwa mwaka mmoja kimekaa barazani, nusu kwenye kivuli, nusu kwenye upepo wa bahari, hakijalia hata mara moja mtu akikaa. Hakina vanishi. Nakipaka mafuta ya kitani yaliyochanganywa na nta, kwa kitambaa cha pamba, kila baada ya miezi mitatu. Njumu moja ya nyota, upande wa kushoto wa mgongo, imeinuka pembe kidogo, na fundi amesema nisiiguse, atairudishia akija Mombasa.

Mwezi uliopita nimeagiza cha pili, chembamba, bila kikanyagio, kwa ajili yangu mwenyewe dukani. Safari hii ameniambia wiki kumi, na juzi amenitumia picha ya ubao bila kuulizwa. Una matundu mawili ya misumari. Nimemwambia ayaweke yote mawili mahali mkono unapofika.