Uzoefu wangu na Tikka T3x Lite ya .308: wepesi una raha yake na karaha yake

Tikka T3x Lite ni bunduki ya kuwindia ya bolti (komeo linalovutwa kwa mkono kila risasi), inayotengenezwa na Sako wa Finland. Ninayoizungumzia hapa ni ya kaliba (aina na ukubwa wa risasi) ya .308 Winchester, mtutu wa sentimita 57, kitako cha plastiki, magazini ya risasi 3. Bila darubini ina kilo 2.9 hivi. Namba hiyo ya mwisho ndiyo inayoamua karibu kila kitu kingine: inavyobebeka, inavyopiga teke (kurudi nyuma begani), inavyoshika joto, hata aina ya darubini ya kuifunga juu yake.

Nianze na kaliba, maana ndipo wanunuzi wengi wanapokwama. Risasi ya .308 ilitoka mwaka 1952, ya .30-06 mwaka 1906, na ubishi kati ya hizi mbili haujaisha. Hoja ya kawaida ya kuipendelea .308 ni ufupi wake: risasi fupi, bolti fupi, bunduki fupi. Kwenye Tikka hoja hiyo haina mashiko. Bodi yake, yaani chuma kinachobeba bolti na kushika mtutu, ni ya urefu mmoja kwa kaliba zote. Kinachobadilika ni magazini na kizuizi cha bolti. Ukichukua .30-06 ya T3x Lite hutaongeza urefu, na uzito ni karibu uleule. Mimi bado napendekeza .308 kwa sababu teke lake ni dogo kidogo, na kwenye bunduki nyepesi hicho "kidogo" bega linakisikia. Kwa swala wadogo, .243 Winchester inatosha. Asiyevumilia teke aangalie 6.5 Creedmoor, iliyotoka 2007. Kwa wanyama wakubwa wenye kumrudia mwindaji, weka hii kabatini: huko ni kazi ya .375 H&H na bunduki nzito yenye ukucha wa Mauser, ule unaoikamata risasi tangu inapotoka kwenye magazini.

Kabla ya kulipa, ishike. Fungua bolti, hakikisha chemba (mahali risasi inapokaa nyuma ya mtutu) haina kitu kwa macho na kwa kidole, kisha ielekeze upande salama. Funga macho, ipandishe begani unavyozoea, halafu fungua macho. Kama darubini imefungwa, unatakiwa kuona duara kamili papo hapo, bila kunyoosha shingo wala kuinua shavu. Ukiona kivuli cheusi pembeni, ama kitako hakikuenei urefu, ama darubini imekaa mbele au nyuma mno. Rudia ukiwa umevaa koti la kuwindia, kwa sababu unene wa nguo hula nafasi. Watu hupima urefu wa kitako kwa kukilaza kwenye mkono uliokunjwa kiwiko. Kipimo hicho hakisemi chochote kuhusu shingo na shavu, nami sikiamini.

Bolti ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Inanyanyuka nyuzi 70 tu, wakati ile ya Mauser ya zamani ni nyuzi 90, kwa hiyo mkono haugongi kioo cha darubini hata ukiifunga chini sana. Inateleza bila kukwaruza. Magazini inapanga risasi kwa mstari mmoja, kila moja inaingia chembani ikiwa imenyooka, na hilo linapunguza kukwama. Ila tatu ni chache, na magazini ya akiba ni gharama ya pembeni ambayo muuzaji hatakukumbusha. Ukipoteza magazini porini, umebaki na bunduki ya risasi moja moja. T3x ina tundu pana la kutolea maganda kuliko T3 iliyotangulia, kwa hiyo risasi moja unaweza kuiweka kwa vidole kutoka juu, jambo ambalo kwenye T3 lilikuwa la kubanana.

Triga inarekebishwa kati ya kilo 1 na 2. Kwa kuwinda, iache karibu na kilo 1.5. Chini ya hapo, kidole chenye baridi au glavu kitafyatua kabla hujaamua. Kila ukigusa marekebisho, bunduki ikiwa tupu, ikoki, gonga kitako chini kwa kiganja mara kadhaa, fungua na funga bolti kwa nguvu. Kama pini imejifyatua, umelegeza kupita kiasi.

Sasa teke. Fizikia haina huruma: risasi ileile kwenye bunduki ya kilo 2.9 inapiga kuliko kwenye ya kilo 4. Porini, kwa risasi moja, huwezi kulihisi. Kwenye benchi, baada ya risasi kumi na tano, mtu huanza kufumba macho na kuvuta triga kwa pupa, kisha anailaumu bunduki. Fanya mazoezi marefu kwa bunduki ndogo ya .22 na uiache hii kwa makundi mafupi, yaani risasi chache kwa shabaha moja. Kiwambo cha sauti hupunguza teke vizuri pale sheria inaporuhusu, lakini kinaongeza uzito mdomoni mwa mtutu na kinahamisha shabaha. Ukikifunga, linganisha darubini na shabaha upya. Kifaa cha mdomoni chenye matundu pembeni kinachotupa gesi nyuma sikipendekezi kwa mwindaji, kelele yake huumiza hata aliye pembeni yako.

Mtutu mwembamba nao una tabia yake. Risasi tatu za kwanza zinakaa pamoja; ya nne na ya tano, mtutu ukiwa moto, kundi la matundu linaanza kupanuka au kutambaa upande mmoja. Huo si ubovu, chuma kidogo hupata joto haraka. Piga tatu, acha bolti wazi, subiri hadi mtutu uguswe bila kuunguza. Kinachomhusu mwindaji zaidi ni risasi ya kwanza kutoka mtutu baridi, basi iandike peke yake kwenye karatasi ya shabaha.

Lipo jambo moja linalowasumbua wengi bila wao kulijua. Kizuizi cha teke kwenye Tikka hakijaungwa na bodi. Ni kipande kilichokaa kwenye kitako, kinachoingia kwenye mfereji chini ya bodi. Kwenye T3 kilikuwa cha alumini, kwenye T3x ni cha chuma. Ukitoa kitako kwa ajili ya kusafisha na kukirudisha ovyo, bodi inabaki na nafasi ndogo mbele ya kizuizi, kila risasi inairudisha nyuma kidogo, na shabaha inahama. Namna ya kufunga: simamisha bunduki kwa kitako sakafuni, skrubu zikiwa zimelegea. Sukuma mtutu kwenda chini mpaka bodi ikae kabisa kwenye kizuizi. Kaza skrubu ya mbele kidogo, ya nyuma kidogo, ukipokezana, hadi karibu Nm 5 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Mwisho pitisha karatasi kati ya mtutu na kitako, kutoka mdomoni hadi karibu na chemba. Ikikwama mahali, mtutu unagusa. Plastiki ya mbele ni laini kiasi cha kupinda, kwa hiyo mkanda ukivutwa sana au ukiegemea gogo kwa nguvu unaweza kuifanya iguse hata kama karatasi ilipita.

Darubini isiharibu kile ulichonunua. Ukifunga lidude la lenzi ya milimita 56, bunduki inakuwa nzito juu na inapinduka mkononi. Ya 3-9x40 (inakuza mara 3 hadi 9, lenzi ya milimita 40) inatosha kabisa kwa mawindo ya mchana. Angalia umbali wa jicho: usikubali chini ya sentimita 9, la sivyo ukingo wa kioo utakuachia alama juu ya nyusi. Futa mafuta yote kwenye reli ya bodi na ndani ya pete kwa spiriti, kaza skrubu za pete karibu Nm 2 ukizunguka kwa msalaba. Kuzidisha kunaminya bomba la darubini, na marekebisho yanaanza kuruka.

Kulinganisha kwenyewe: toa bolti, tazama ndani ya mtutu kutokea nyuma uone kitovu cha shabaha, sogeza msalaba wa darubini hapo. Kisha piga kwa mita 25. Darubini ya hatua (mibofyo ya kurekebisha) za sentimita 1 kwa mita 100 inasogea milimita 2.5 tu kwa mita 25, kwa hiyo hatua unazohitaji ni mara nne. Hapa ndipo watu wanapochoma risasi bure. Nenda mita 100, piga tatu, rekebisha kwa katikati ya kundi, usifuate tundu moja. Mimi naiweka sentimita 4 juu kwa mita 100. Kwa risasi ya greni 165, yaani gramu 10.7, yenye kasi ya mita 820 hivi kwa sekunde, inakata mstari wa macho karibu na mita 165, na kwa mita 200 iko kama sentimita 5 chini. Hadi hapo unalenga katikati ya kifua bila hesabu. Kwa mita 300 inashuka zaidi ya sentimita 30, na huko hakuna kukisia.

Usinunue sanduku moja la aina moja na kuridhika. Mifereji iliyo ndani ya mtutu huu, inayoizungusha risasi, inazunguka mara moja kila inchi 11, inapokea greni 150 hadi 180 vizuri, lakini kila bunduki ina chaguo lake. Jaribu aina tatu, chagua inayofunga kundi ndani ya sentimita 3 kwa mita 100, kisha nunua za kutosha za toleo moja. Kubadilisha uzito wa risasi ni kuanza kulinganisha upya.

Nani aichukue? Anayetembea siku nzima, anapanda vilima, anapiga risasi moja au mbili kwa wiki. Anayekaa kwenye mnara wa kuvizia, au anayependa kupiga shabaha kila Jumamosi, atafute mtutu mnene na kitako kizito. Kilo moja ya ziada haitamchosha akiwa amekaa.