Daftari la historia ya mtoto (wa kuasili na wa kulea): nimelitumia mwaka na nusu, nyota nne

Nianze na shida iliyonifanya nilitafute, manake usipoijua shida utaona ni albamu ya picha tu na utashangaa natoa nyota nne za nini.

Binti yetu mkubwa tulimuasili akiwa na miaka minne. Alipofika darasa la pili akaja na kazi ya shule, kila mtoto alete picha yake ya uchanga na achore ukoo wake. Nyumbani tulikuwa na ile albamu ya kawaida ya mtoto, ndugu yetu alitupa zawadi kwa nia njema kabisa, ukurasa wa kwanza tu unauliza alizaliwa na kilo ngapi, saa ngapi, jino la kwanza lilitoka lini, nani alimbeba wa kwanza. Sisi hatuna hata kimoja. Akakaa nayo mapajani akawa anafunua anarudisha, anafunua anarudisha, alafu akaniuliza, "Mama, kwani mimi sikuwahi kuwa mtoto mchanga?" Jamani. Na alikuwa anauliza kweli, kwa sababu kwa jinsi ile albamu ilivyo ni kama yeye alianza kuwepo akiwa na miaka minne tayari anatembea na kuongea.

Ndo nikaanza kutafuta na nikalipata hili. Ni la ringi, kava gumu, kurasa kama sitini hivi, zote zinachomoka. Mambo yaliyomo ni walionizaa, nyumba nilizoishi, watu walionitunza, shule zangu, vitu ninavyovikumbuka, maswali yangu, na kuna kurasa nne zimeandikwa juu "Bado hatujui". Hizo nne peke yake kwangu zinatosha kulinunua. Zamani binti akiuliza kitu ambacho hatukijui nilikuwa nababaika nabadilisha mada na yeye alikuwa anaona kabisa, mtoto anaona. Sasa tunaandika pale. "Bado hatujui mama alikuwa na sauti ya namna gani." "Bado hatujui kama nina dada." Swali likishaandikwa linakuwa na mahali pake, halizunguki tena kichwani usiku, na mara mbili tumeshapata jibu tukalihamishia mbele na alifurahi mno kulifuta upande wa nyuma.

Kingine kizuri, kwenye ukurasa wa kwa nini niliondoka nyumbani kuna maelezo mafupi ya mzazi, kwamba andika kilichotokea kwa maneno ya umri wa mtoto, usimtukane mzazi wake na usidanganye. Ni rahisi kusema, ni ngumu kufanya. Watoto wengi wanaoondolewa nyumbani wanaamini kimoyomoyo kwamba walikuwa wabaya ndo maana wakaondolewa, na wa kwangu alikuwa hivyohivyo, kwa hiyo ile sentensi ya "halikuwa kosa langu" niliiacha aandike mwenyewe kwa mkono wake. Ilimchukua siku tatu. Mi sikumharakisha.

Sasa taarifa za kujaza unazitoa wapi? Hapa daftari halisaidii na ni kosa lao, wangeweka hata ukurasa mmoja wa kumwelekeza mzazi. Nilikuwa naogopa kwenda kuulizia faili, naona kama nachokonoa mambo ya watu, mpaka nikasoma kwamba Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 8, unaitambua haki ya mtoto kutunza utambulisho wake, na Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa malezi mbadala wa 2009, aya ya 100, unataja kabisa kitabu cha historia ya maisha, chenye taarifa na picha na vitu vya kumbukumbu vya kila hatua aliyopitia mtoto, kitengenezwe na yeye akishiriki na awe anakipata maisha yake yote. Nikaiandika ile aya kwenye karatasi nikaenda nayo kwa afisa ustawi wa jamii. Nilirudi na vitu vitatu tu, lakini kimoja ni kwamba jina lake alipewa na mama yake mzazi. Sisi tulikuwa tunadhani alipewa na wauguzi. Ule ukurasa umechakaa kwa kufunguliwa.

Wa pili ni kijana wa miaka saba, huyu tunamlea kwa muda, sisi ni nyumba yake ya tatu. Alikuja na begi moja na hakuna picha hata moja. Nikamnunulia daftari lake nikidhani atalifurahia kama dada yake, akalisukumiza chini ya kitanda na miezi miwili hakuligusa, na ushauri wangu hapa ni usilazimishe, liache hapohapo chini ya kitanda. Siku moja kalitoa mwenyewe akaanza na ukurasa wa nyumba nilizoishi, akachora milango. Milango tu. Mmoja una kufuli kubwa, mmoja una mbwa pembeni, wa kwetu kauchora uko wazi. Sikumuuliza kitu, nilikaa nae nikamchongea penseli.

Alafu ikaja siku ya kuonana na mama yake, akasema anataka kulibeba. Yule mama alilishika kama kitu kinachovunjika, akaniuliza, "Dada, kwani na mimi naruhusiwa kuandika?" Nikamwambia ukurasa wa walionizaa ni wa kwake kabisa. Akaandika muda mrefu, mtoto kasimama nyuma yake anachungulia, na safari iliyofuata akaleta picha ya mtoto akiwa na miezi mitano. Kwa hiyo picha ya uchanga ipo.

Ila wanaolea mnajua usiku wa baada ya kuonana unavyokuwa. Alikojoa kitandani, alipiga mlango mateke, na ule ukurasa wa mama yake akauchana vipande. Asubuhi analia anautaka. Nashukuru nilikuwa nimeshautoa kopi, na kwa vile ni ringi nikatoboa nikaurudisha mahali pake bila maneno mengi. Kama utasoma sentensi moja tu ya hii rivyuu basi iwe hii: barua na picha za asili usiziweke humo, toa fotokopi, skani, asili weka mbali, daftari liwe kitu ambacho mtoto anaweza kukichana siku ikiwa mbaya na kesho yake kikawepo.

Kasoro sasa. Karatasi inang'aa sana, kalamu ya wino inasambaa na penseli haishiki vizuri, kwa kitu cha mtoto kuandika hilo ni kosa la msingi. Mifuko ya picha ni midogo. Ndugu wana ukurasa mmoja tu wakati kijana wetu ana kaka yake analelewa kwa familia nyingine na alitaka kumwandikia kila mwezi. Mti wa familia una mizizi ya waliomzaa na matawi ya waliomuasili, kwa binti ulikaa sawa kabisa, kwa mtoto aliyepita nyumba tatu hautoshi. Na kuna ukurasa wa "Siku niliyofika nyumbani" umejaa maputo na nyota. Kwetu ilikuwa furaha ndio, lakini yeye siku hiyo alikuwa anaachana na kila alichokijua, alikuwa anatetemeka. Huo niliuchomoa kabisa nikaweka karatasi nyeupe. Niliwaandikia watengenezaji, wakajibu baada ya wiki tatu kwamba kurasa za ziada zinauzwa peke yake, nikaagiza, za ndugu zilikuja sawa ila matundu hayakulingana na ringi ikabidi nitoboe upya.

Pamoja na hayo ningelinunua tena. Mwezi ujao kesi ya kijana inasikilizwa, na akirudi kwa mama yake daftari linaondoka nae lote, ni lake. Juzi usiku alikuja jikoni nalo akaniambia anti, nyie mtabaki na hii, akachomoa karatasi ya milango akanipa, alafu akakaa chini akaanza kuichora upya ya kwake.