Kulala hekaluni Koyasan ukiwa peke yako: uzoefu wangu

Nianze na bei, maana ndiyo inayowakimbiza wengi. Kwa usiku mmoja Koyasan, mji wa mahekalu ya Kibudha mlimani nchini Japani, kwenye shukubo, yaani hekalu linalopokea wageni, nililipa zaidi ya yen 15,000, chakula cha jioni na kifungua kinywa vikiwemo. Mkiwa wawili gharama ya kila mmoja hupungua. Ukiwa peke yako chumba kizima ni mzigo wako, na mahekalu mengine hayataki kabisa mgeni mmoja. Lile nililolipenda picha zake lilinigomea bila maelezo, ikabidi nichukue jingine.

Kufika ni rahisi. Unapanda treni ya Nankai pale Namba, Osaka, hadi Gokurakubashi, unaingia kwenye kiberenge kinachovutwa kwa kebo kupanda mlima, kisha basi. Usijidai kutembea kutoka kituo cha juu. Barabara ile ya mabasi hairuhusu waenda kwa miguu. Mji uko kwenye mwinuko wa mita 800 hivi, kwa hiyo beba sweta hata kama Osaka umeacha watu wanatoka jasho.

Chumba changu kilikuwa na mikeka ya tatami, meza fupi na milango ya karatasi. Choo na bafu ni vya pamoja, wanawake kwao na wanaume kwao. Jirani alikoroma usiku kucha nikamsikia kama tumelala godoro moja.

Lakini chakula! Mtawa kijana alipiga magoti mlangoni, akaingiza trei za rangi nyekundu moja baada ya nyingine, akazipanga mbele yangu huku akinionyesha kwa kidole kipi kichovywe kwenye nini. Hakuna nyama, hakuna samaki, hata kitunguu na kitunguu saumu havitumiki. Kulikuwa na koya-dofu, tofu iliyogandishwa na kukaushwa, ambayo ukiibana kwa meno inakumwagia mchuzi wote iliounyonya. Na gomadofu ya ufuta, laini mno, inateleza kwenye vijiti mpaka unataka kuiokota kwa mkono (hakukuwa na wa kuniona, lakini nilijizuia). Kula peke yako mezani hotelini huwa kunanikera. Hapa kila mgeni aliletewa chumbani kwake, basi upweke ukakosa pa kuonekana.

Ibada ya asubuhi ilianza saa kumi na mbili. Ubani, ngoma, sauti nzito za watawa wakikariri sutra, yaani maandiko ya Kibudha. Miguu ilikufa ganzi. Kuna vigoda vidogo nyuma, chukua bila aibu.

Kisha nikaenda Okunoin, makaburi zaidi ya 200,000 chini ya mierezi mirefu. Kwa waumini, Kukai, mtawa aliyeanzisha mahali hapa mwaka 816, hakufa. Yumo kwenye tafakuri tangu 835, na hadi leo watawa humpelekea chakula mara mbili kwa siku. Ukivuka daraja la Gobyobashi, kamera inarudi mfukoni. Niliona watalii wakikaripiwa.

Kwangu mimi kama mwanamke, Nyonindo ndipo paliponigusa zaidi. Wanawake hawakuruhusiwa kuingia mji huu mtakatifu hadi amri hiyo ilipofutwa mwaka 1872. Waliishia kwenye vibanda vya sala pembezoni, na Nyonindo ndicho pekee kilichobaki. Ni kijengo kidogo ambacho mabasi hukipita, na watalii wengi hawashuki. Shuka.

Kasoro nyingine: chakula cha jioni huletwa saa kumi na moja na nusu, mlango mkuu hufungwa mapema, na Kiingereza cha pale nilipolala kilikuwa cha kubahatisha. Anayependa kuzurura usiku atajuta. Mimi naupa uzoefu huu nyota nne kati ya tano, ile ya tano nimeikata kwa sababu ya bei ya mtu mmoja. Msimu wa majani mekundu, kati ya Oktoba na Novemba, vyumba huisha haraka, hivyo hifadhi chako miezi kadhaa kabla.