Siku Mbili Ukingoni mwa Korongo la Ronda

Mwezi Novemba mimi na mke wangu tulilala siku mbili katika hoteli moja ya Ronda, mji wa kale wa Andalusia, kusini mwa Hispania, uliojengwa juu ya jabali ambalo mto Guadalevín umelipasua katikati. Tulitoka Málaga kwa basi, safari ya kama saa mbili, sehemu kubwa ikiwa ni kupanda milima, na kutoka kituoni tukaburuta masanduku juu ya barabara za mawe hadi magurudumu ya sanduku langu yakaanza kulia kama mkokoteni usiotiwa grisi.

Nilikuwa nimelipa zaidi ili nipate chumba kinachotazama korongo. Tulichopewa siku ya kwanza kilitazama korongo kwa masharti: ilibidi utoke kwenye roshani, ushike chuma sawasawa na kuinyoosha shingo upande wa kushoto, ndipo ukione kipande cha daraja nyuma ya bomba la maji ya mvua. Nilishuka mapokezi kulalamika. Mhudumu alinionyesha kwa adabu karatasi ya bei iliyoandikwa juu yake «tarifas», neno ambalo ni ndugu wa «taarifa» yetu, kwa kuwa yote mawili asili yake ni Kiarabu. Nikajisemea moyoni kwamba taarifa nimeipata, kilichobaki ni mandhari. Kesho yake asubuhi walituhamisha bila kutudai nyongeza yoyote, na kwa hiyo nimewakata nyota moja tu.

Chumba cha pili kilinifanya nisahau ugomvi. Nilipofungua dirisha, Puente Nuevo lilikuwa mbele yangu lote, daraja la mawe lenye urefu wa mita 98 kutoka chini korongoni, lililokamilika mwaka 1793 baada ya kazi ya miaka zaidi ya 40. Lile lililolitangulia lilianguka mwaka 1741 na kuua watu wapatao 50, na nadhani waliojenga hili hawakutaka kufanya haraka. Juu ya tao la kati kuna kijidirisha cha chumba kilichowahi kuwa gereza. Lakini kilichonishika zaidi ni ndege: kunguru weusi wenye midomo myekundu walikuwa wakizunguka chini yetu, nami nikawa nawatazama migongoni, jua likimetameta juu ya mbawa zao, jambo ambalo sikuwahi kuliona maishani.

Kitanda kilikuwa kizuri, maji ya moto yalikuwa ya uhakika, ila kipasha joto kilichukua muda mrefu kuamka, na Ronda iko zaidi ya mita 700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo beba sweta. Kifungua kinywa ni mkate uliochomwa, ukapakwa nyanya iliyoparuzwa na mafuta ya zeituni. Nyama ya nguruwe huwekwa kwenye sahani ya peke yake, hivyo asiyeila hapati taabu. Chakula cha jioni huanza saa tatu usiku, na kwa mtoto hiyo ni adhabu.

Kutoka hotelini tulivuka daraja kwa miguu, tukashuka mji wa Waislamu wa zamani, uliotekwa na wafalme Wakatoliki mwaka 1485, mpaka kwenye lango la Almocábar. Mke wangu aliuliza jina hilo lina maana gani, nikamwambia alitamke polepole. Alilirudia mara mbili, akacheka: ni makaburi, kwa kuwa maziara ya mji yalikuwa nje ya lango hilo.

Atakayekwenda aiandikie hoteli mapema, aulize kwa jina dirisha lake linatazama daraja au linatazama ukuta, na asikubali kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Mchana daraja hujaa watalii wa kutwa wanaoletwa kwa mabasi kutoka pwani, kiasi kwamba hupati pa kuegemea. Wakiisha kuondoka jioni, taa za chini ya matao huwashwa, na ukikaa roshanini unausikia mto.