Viatu, zawadi na vitabu vya watoto: mnunulie kinachomtosha leo

Haya wazazi wenzangu, habari za saivi, karibuni sana, niko hapa Moshi na kama mnavyoona nimeshika kiatu mkononi. Desemba hiyo inakuja, watu wanapanda Uchagani na watoto, zawadi zinanunuliwa, alafu hujakaa sawa Januari shule zinafungua na kila kitu kinatakiwa kwa mkupuo mmoja. Sasa mi nina neno moja tu kwenye viatu, zawadi mpaka vitabu: mnunulie mtoto kinachomtosha leo. Hii habari ya "chukua kikubwa, atakikulia" jamani tuiache.

Tuanze na kiatu. Hiki ni cheusi cha shule, cha ngozi, cha kamba. Angalieni nakikunja hapa, kinakunjika mbele pale vidole vinapoanzia, katikati kimekaza, na huku nyuma nikibonyeza kwenye kisigino hakibonyei. Hicho ndo kiatu. Ukikuta kinajikunja katikati kama chapati kirudishe, hata kama kinang'aa vipi, kwa sababu hakimshiki mguu, na mtoto wa Pasua au Rau anatembea nacho kwenda na kurudi kila siku.

Tatizo kubwa ni namba. Mtoto anavaa 29 ananunuliwa 32 anajaziwa pamba mbele, sa pale anatembea anaburuza, anakunja vidole ili kiatu kisimvuke, anajikwaa, kisigino kinachubuka. Na kinachobana nacho ni kibaya vilevile, maana mifupa ya mguu wa mtoto mdogo bado sehemu kubwa ni gegedu, ni laini, inafuata inakosukumwa, na mara nyingi mtoto hata hasemi kinabana. Kwahiyo usisubiri aseme, mpime wewe.

Mpime jioni, miguu ikiwa imeshatembea kutwa imejaa kidogo. Avae soksi zake za shule, asimame wima juu ya kipande cha boksi, uchore kwa kalamu miguu yote miwili maana haiwi sawa, chukua ule mrefu, ongeza sentimita moja mbele, kata. Hako kaboksi ndo unaenda nako sokoni Memorial au Kiboriloni, mtoto unamuacha shule kwa amani. Unakaingiza kwenye kiatu, kakijikunja, kiatu ni kidogo, kakibaki na nafasi ya kidole gumba kizima tena mbele, basi ni kikubwa, muachie muuzaji. Na ukitaka kuelewa hizi namba za Ulaya, kila namba ni theluthi mbili za sentimita, ndo maana 30 ndani yake ni kama sentimita 20. Ukiruka namba tatu umeongeza sentimita mbili nzima kwenye mguu wa mtoto wa darasa la pili, hebu fikiria!

Mtumba mi naupenda, ngozi nzuri nyingi iko kwenye mtumba. Ila kigeuze uangalie soli, ikiwa imelika upande mmoja kiache, kimeshakaa kwa mwendo wa mtoto mwingine na kitampeleka wako upande huohuo. Na wale wanaotaka kipya cha ngozi, hapahapa Moshi tuna kiwanda cha Karanga, cha Magereza na PSSSF, ule mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, kaulizie kama wana namba ya mwanao kabla hujaagiza Dar. Yeboyebo na ndala ni za nyumbani na bafuni, sio za kupandia Kibosho na tope la masika. Huko mpe mabuti. Na kiatu kikilowa kijaze gazeti ukiweke kivulini, usikisogeze karibu na jiko, ngozi itapasuka.

Alafu kuna zile raba za kuwaka taa. Watoto wanazipenda na mi sizikatazi, ila hizo pamoja na midoli ya kuimba na kadi za muziki nyingi zina betri vidonge, zile bapa za duara. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Betri hiyo mtoto akimeza ikakwama kooni inaanza kuunguza nyama ya ndani, na ndani ya masaa mawili inaweza kuwa imeshamharibu vibaya. Kwahiyo kabla hujalipa geuza mdoli, kifuniko cha betri kiwe kimefungwa kwa skrubu, kama kinafunguka kwa ukucha usinunue, hata kama anakulilia pale dukani. Na ukihisi kameza usimtapishe, usisubiri asubuhi, nenda hospitali, Mawenzi au KCMC, muda huohuo.

Zawadi zingine nazipitia haraka. Komunio na kipaimara watu wanaleta saa kubwa, vyombo vya kioo, suti, vitu vinaingia kabatini na mtoto havigusi. Mpe mpira, kamba ya kuruka, rangi na karatasi nyingi, avitumie mpaka viishe. Mi naona zawadi iliyochakaa ndo ilipendwa.

Vitabu sasa. Ukienda duka la vitabu tafuta hadithi za Kiswahili za wachapishaji kama Mkuki na Nyota na E&D Vision, na zile zilizopitia Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza 1991. Hata kama mwanao anasoma English medium, nyumbani msomee Kiswahili, maana hadithi akiielewa bila kutafsiriwa ndo anaomba nyingine. Hela ikiwa haitoshi, African Storybook wana hadithi za Kiswahili za bure kwenye intaneti, zimepangwa kwa ngazi kuanzia maneno machache kwa ukurasa mpaka aya ndefu, unapakua kwa bando kidogo unaprinti steshenari, inaruhusiwa kabisa.

Na usimchukulie kitabu kinene eti atakifikia mwakani. Mfungulie ukurasa wa katikati asome kwa sauti, kila neno linalomshinda akunje kidole. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa, hicho msomee wewe usiku, yeye mchukulie chembamba kidogo akamalize mwenyewe.