Magnolia au gardenia: ununue rangi ipi ya ukuta wa sebuleni?

Ukiziona kwenye kadi dukani utaapa ni rangi moja. Kwenye BS 4800, mpangilio wa rangi wa Uingereza, magnolia ni 08 B 15 na gardenia ni 10 B 15. Herufi ileile, tarakimu za mwisho zilezile, maana yake kukolea kwake ni sawa. Zinapoachana ni mwanzoni: 08 ina wekundu kidogo ndani ya umanjano, 10 ni umanjano mtupu.

Namba moja kwangu, kwa nyumba nyingi za kwetu, ni magnolia, na sababu ni taa. Sebule nyingi zina taa nyeupe za 6500K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga), zenye mwanga wa kibuluu. Ukiwaka juu ya gardenia, ukuta unaingia ukijanikijani, kama nyumba nzima ina homa. Magnolia haiyumbi hivyo. Tena kama milango yako ni ya mninga, wekundu wa mbao na wa ukuta unaelewana.

Namba mbili ni gardenia. Inapanda juu ukitumia taa za njano, 2700K hadi 3000K, maana hapo magnolia huelekea pinki na wengine hawaipendi kabisa. Krimu iliyokolea naiweka ya tatu, tena mbali.

Usiamue kwa kadi. Nunua kopo dogo la kila moja, paka mikono miwili (yaani mara mbili) kwenye vipande vya jipsamu, viache vikauke kabisa kwa sababu rangi ya maji hukolea ikikauka. Viegemeze kando ya fremu ya mlango, uvitazame mchana, kisha usiku taa zikiwaka. Kupaka kiraka juu ya ukuta wa zamani, hasa wa kijani, kunadanganya macho.

Dukani taja namba, si jina tu. Magnolia ya kampuni hii si lazima ifanane na ya ile. Lita moja hupaka kama mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja kwenye ukuta laini, kwa hiyo chumba cha mita 4 kwa 4 chenye kimo cha mita 3 kinataka takriban lita 8 hadi 10 kwa mikono miwili. Zote zitoke bechi moja, yaani zilizotengenezwa pamoja. Fundi akikwambia atachanganya nyeupe na tinta (rangi kali ya kuchanganyia) kwa macho, mkatalie: ikiisha katikati ya ukuta, hataipata tena ileile.

Wenye watoto wachukue silk, yaani yenye mng'ao kidogo. Matt, isiyong'aa, ni nzuri machoni, ila alama za mikono hazifutiki vizuri.