Mapitio ya karatasi ya ToxFAQs kuhusu madini ya risasi

Wakala wa Marekani unaoshughulikia vitu vya sumu, ATSDR, ambao chimbuko lake ni sheria ya mwaka 1980 ya kusafisha maeneo yenye taka hatari, hutoa karatasi fupi ziitwazo ToxFAQs, moja kwa kila kemikali, kwa mtindo wa maswali na majibu. Niliisoma ya risasi nikiwakumbuka wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliopata sumu hiyo kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, na ambao mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3.

Lugha yake ni nyepesi na haina vitisho. Inaeleza kwamba risasi hudhuru zaidi mfumo wa neva, na kwamba watoto huathirika kuliko watu wazima. Ushauri wake nao unatekelezeka hata katika nyumba ya vyumba viwili: mtoto anawishwe mikono na uso mara kwa mara, vumbi lifutwe, na asiachwe atafune mahali palipopakwa rangi yenye risasi.

Tatizo ni kwamba ushauri huo umewekwa mbali. Mama mwenye hofu hukutana kwanza na namba ya utambulisho wa kemikali, 7439-92-1, kisha matumizi yake viwandani, kisha safari yake hewani na udongoni, kabla ya kufika anapopahitaji. Jibu la swali la saratani ndilo lililonichosha zaidi: idara ya afya ya Marekani inasema ni jambo la kutarajiwa, shirika la mazingira la nchi hiyo na lile la kimataifa la utafiti wa saratani yanasema huenda, na msomaji anaachwa apime mwenyewe uzito wa maneno hayo. Kwa mwanasayansi huo ni uangalifu. Kwa mzazi ni kama kusikiliza mashahidi watatu bila hakimu.

Atakayeitumia kuwaelimisha majirani aanzie sehemu za mwisho, kwenye kinga na kipimo cha damu, na aongeze mwenyewe kwamba maikrogramu 3.5 kwa desilita, kiwango cha CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, tangu 2021, hutumika kuwatambua watoto wenye risasi nyingi kuliko wenzao wengi. Aliye chini ya hapo hajahakikishiwa usalama.